Barua ya wazi kwa wanaosimamia ufukwe wa Tanga: Toten tunaiona, tupeni pa kukanyaga

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa pamoja: wa Jiji, wa bandari, wa hifadhi ya bahari, wa mambo ya kale, wa misitu mnaochunga mikoko, na ninyi mnaokagua vyombo vidogo. Nimeona niwaite barazani mara moja, maana kila nilipobisha mlango mmoja nilielekezwa mwingine, mpaka nikajikuta nimerudi kwenye ule wa kwanza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapa hapa Tanga. Sina chombo, sina hoteli, wala sijatumwa na mwenye chombo au mwenye hoteli. Nina shangazi tu.

Shangazi yangu ana miaka sabini na ushei. Miaka yote hiyo amekuwa akikitazama kisiwa cha Toten kutoka bara, pale mbele ya mji, ndani ya ghuba. Kule kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale, na tangu utotoni aliambiwa kwamba baadhi ya waliolala kule ni wa kwao. Siwezi kuwaletea nasaba hiyo kwenye karatasi yenye mhuri. Yeye anayo kichwani, nani alimzaa nani, na mwaka jana alisema nusu Shaaban ile haimpiti: atakwenda kuwazuru wazee wake kabla Ramadhani haijaingia.

Nikatafuta chombo. Nikapata mashua ya faiba yenye mashine, nahodha kijana mstaarabu, bei elfu sitini kwenda na kurudi. Tukakubaliana saa mbili asubuhi. Kosa lilianzia hapo, na sehemu ya kosa hilo ni yangu mwenyewe, mtoto wa pwani niliyekaa darasani mpaka nikasahau kuhesabu mwezi.

Nusu Shaaban ni mwezi kumi na tano. Mwezi umetimia, kwa hiyo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Na bamvua katika pwani yetu ina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo kila mwezi unapoandama na kila unapotimia. Kwa maneno mengine, siku ambayo watu wa mji huu hupenda kutoka kuzuru makaburi ndiyo siku ambayo saa nne asubuhi bahari imejiondokea zake na kutuachia tope.

Tulifika ufukweni saa mbili kasoro. Maji yalikuwa yanarudi tangu alfajiri, na mashua ilishasogezwa mbali isije ikakaa. Hapakuwa na ngazi, ubao wala jiwe la kukanyaga. Nahodha akakunja suruali, akageuka, akasema, "Bi mkubwa, panda mgongoni." Shangazi akamtazama tu. Mwanamke mtu mzima aliyejifunga buibui, ametawadha kwa ajili ya ziara, anaambiwa apande mgongoni kwa kijana ambaye si maharimu wake. Akakataa. Basi tukaingia majini, mimi nimemshika kwapa, yeye mkono mmoja umeshika buibui na mwingine umeshika mkapu wa ukili kichwani. Ndani ya mkapu mlikuwa na ubani, udi, kijitabu cha Yasini na chupa ya marashi ya kunyunyiza makaburini. Maji yalimfika kiunoni.

Kupanda ubavu wa mashua ukiwa na magoti yanayouma si kazi ndogo. Nahodha alikuwa juu anavuta, mimi chini nasukuma, baharia wake kaegemea upande wa pili mashua isilale. Alipopata kukaa kwenye ubao alinyamaza muda mrefu, maji yanamchuruzika. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hivi ndivyo wanavyopakia mbuzi."

Mwendo wenyewe haukufika nusu saa. Kaskazi ilikuwa imetulia, jua halijawa kali, binti yangu wa miaka tisa anachovya mkono majini na kuulizia samaki. Bahari haikutukosea lolote siku ile, nawaomba mlishike hilo. Safari ya siku moja kwenda visiwa vyetu huharibikia nchani, pale mtu anapopanda na pale anaposhuka.

Toten imezungukwa na mikoko. Tulipokaribia maji yalikuwa yameshaiacha mizizi, na kati yetu na nchi kavu palitanda tope jeusi, limechomozwa na mizizi ya mchu kama ubao uliopigwa misumari kwa chini. Nahodha alichoma upondo ukadidimia bila kugonga kitu. Shangazi akavua ndala moja, akalitazama tope, akaivaa tena.

Baharia ndiye aliyejitolea. Akapewa ile chupa ya marashi na maelekezo: makaburi yoyote utakayoyaona karibu na msikiti, nyunyiza yote, usichague. Akaenda akizama mpaka magotini, tukawa tunamsikia tu akivunja vijiti. Shangazi akakaa upande wa omo, akaelekea kisiwani, akasoma Yasini yake humo humo chomboni. Kijana aliporudi alikuwa amechubuka muundi na chupa iko nusu. Alisema kote ni pori, vichaka vimepanda juu ya kuta, makaburi mawili matatu ameyatambua na kuyamwagia, mengine hakujua kama ni kaburi au ni jiwe tu.

Wakati huo mashua ilikuwa imeshakaa. Tulisubiri maji pale pale, jua utosini, mpaka karibu na saa sita. Chai iliisha, vitumbua vikaisha, mtoto akalala mapajani kwa bibi yake.

Nikiwa pale nilikumbuka somo la historia. Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipokuwa ukipita pwani hii kuelekea Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu jirani na Mtang'ata, upande wa Tongoni hapa kusini kwetu. Ilikaa mpaka maji yalipojaa ndipo ikaelea. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India na mabaharia wengi wameshakufa, waliichoma moto maeneo hayo hayo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mreno yule alikuwa mgeni, hakuyajua maji yetu. Sisi tunayajua, hata majina yake tunayo, na bado tunakwama mbele ya mji wetu wenyewe mchana kweupe.

Waheshimiwa, msinielewe vibaya, kazi zenu kubwa tunaziona. Kwa miaka mingi meli zilikuwa zinatia nanga mbali na mzigo unashushwa kwa matishari. Leo gati la Tanga lina urefu wa mita 450, mlango umechimbwa, na meli kubwa inafunga moja kwa moja. Ni jambo la kujivunia na nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo. Saruji, mbolea na magari vimepata pa kushukia. Shangazi yangu bado anapakiwa kama mbuzi.

Ninachoomba ni kidogo mno kikilinganishwa na hayo. Sehemu moja ya ufukwe wa mji, mtakayoichagua ninyi wenyewe isiingiliane na meli wala na wavuvi, iwekwe mteremko wa zege unaoshuka mpaka maji ya chini, na mwisho wake gati dogo la kuelea. Nasema la kuelea kwa sababu katika bamvua maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ngazi ya kawaida ukiijenga kwa maji makubwa, saa nne itaning'inia hewani; ukiijenga kwa maji madogo, saa kumi itakuwa nyumba ya kaa. Lile la kuelea hufuata maji. Mkono wa kushikia uwekwe pande zote mbili, na upana wa kupita kiti cha magurudumu. Upande wa kisiwani mtuwekee njia ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo, ipite katikati ya mikoko bila kuikata, mpaka pale udongo unapokuwa mgumu.

Zaidi ya hapo, kisiwa kiacheni. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua baadhi yenu: mtu akitamka "kisiwa" kikaoni, mwingine anaanza kuchora baa na viti vya kulalia. Toten ni makaburini. Hata hilo jina tulilobaki nalo ni la Kijerumani, kwao maana yake wafu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakinga majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863, na magofu yale ni ya kale kuliko hapo. Kinachohitajika ni watu wenye ujuzi wakafyeke vichaka kwa adabu, mizizi isiangushe kuta, na kibao kimoja kinachosema hapa ni wapi na mgeni afanye nini: avue viatu wapi, asikanyage wapi, asiokote vigae akapeleka nyumbani. Tafadhali sana msitie saruji kwenye kuta za zamani. Kuta hizo zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na fundi wa chokaa na fundi wa saruji si mtu mmoja.

Na saa zibandikwe. Jedwali la kujaa na kupwa lipo. Hakuna nahodha wa meli anayeingia bandarini bila kulisoma. Kwa nini abiria wa mashua asilione? Ubao mmoja mkubwa pale pa kupandia, unaoandikwa kwa chaki kila siku: leo maji yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, chombo cha mwisho kurudi saa ngapi. Siku za bamvua watu watoke saa nane mchana maji yakipanda, warudi kabla ya Magharibi. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, mwezi saba au nane na ule wa ishirini na mbili, maji hujaa katikati ya asubuhi, basi watoke mapema warudi wakale nyumbani. Mzee yeyote wa pale Deep Sea, kwenye soko letu la samaki, anakuhesabia hayo kwa vidole huku akiparua samaki. Wageni hawana mzee huyo, na sisi wa mjini tunaanza kumpoteza.

Ushongo na Pangani wanaliweza. Kule kuna Maziwe, eneo tengefu tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa walikuwa wakija kutaga. Miti ikaisha, na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Hakuna ujanja wa kwenda Maziwe ila kwa saa za bahari, kwa hiyo kila mtu, mwenye hoteli, nahodha na mgeni wake, anaanza kwa kuuliza maji. Unguja nako wageni wa kisiwa cha Changuu, wale wa kobe, mara nyingi huingia chomboni miguu ikiwa majini. Ni kweli. Ila wanakanyaga mchanga mweupe mgumu, na wengi wao ni vijana wa kaptula. Msinilinganishie na tope la Toten na mwanamke wa miaka sabini.

Mji wetu una utani wake, waja leo waondoka leo. Mgeni anashuka kwenye basi, anakwenda Mapango ya Amboni, anarudi, anauliza kingine ni nini. Tunamjibu nini? Toten iko mbele ya macho yake. Ulenge ina mnara wa taa. Yambe na Karange ziko hapo nje. Na tangu mwaka 2009 ghuba hii na visiwa vya Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya hifadhi ya bahari ya kilometa za mraba 552, iliyoanzishwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za madinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu walianza kumtoa kwenye jarife mara kwa mara miaka ya 2000. Simtaki mgeni akamwone silikanti, anakaa kina kirefu na tumwache huko. Lakini safari ya nusu siku ya kusimuliwa hayo yote, na pweza wa kuchoma jioni, ni kazi ya halali kwa vijana ambao baadhi ya kaka zao walivua kwa baruti.

Sasa usalama, na hapa nitasema wazi. Siku ile tulikuwa watano chomboni: nahodha, baharia, shangazi, binti yangu na mimi. Jaketi za kujiokolea zilikuwa nne. Ya shangazi ilikatika mkanda, tukaifunga kwa kanga. Ya mtoto haikuwepo, akavishwa ya mtu mzima ikamfika magotini. Angeanguka majini angetoka kwa chini kama embe kwenye mfuko. Ya kwangu niliikalia, nadhani ndiyo maana sikuiona mapema. Baharia hakuwa nayo. Hakuna aliyetuandika majina. Tungezama, watu wangejua tumekwenda baharini kwa sababu tu jirani alituona na mkapu.

Nchi hii imeshalipia sana kutojua nani yumo chomboni. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara katika Ziwa Victoria. Kilisajiliwa kubeba watu 101 na waliokufa walizidi 220. Mashua ya kwenda Toten ni kitu kidogo, najua, lakini daftari la majina nalo ni kitu kidogo. Liwekwe pale pa kupandia, mtu aandike jina na simu ya aliyebaki nyumbani, na chombo kisiondoke mpaka jaketi zitimie, zikiwemo za watoto. Atakayelishika apewe kalamu na mamlaka ya kusema hapana. Siku kusi limechacha, mwezi wa sita na wa saba, aseme hapana bila kupigiwa simu na mkubwa yeyote.

La mwisho ni malipo, nalo nitalipitia haraka kwa sababu lilinikera kuliko tope. Kabla ya safari nilitaka kufuata utaratibu. Dirisha moja waliniambia kuna ada ya kuingia, dirisha la pili wakasema ada hiyo si ya wao kupokea, la tatu wakaniuliza kibali cha kuingia kwenye magofu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na bei iliyobandikwa ukutani. Sikatai kulipa. Naomba stakabadhi moja, mahali pamoja, mgawane wenyewe huko ndani. Na watu wa Tanga wanaokwenda kuzuru makaburi ya wazee wao waangaliwe kwa jicho lingine na mtalii wa kamera. Haiwezekani mtu akatiwe tiketi ya kumwombea babu yake.

Mkikubali kukutana, nipo tayari kuja na nahodha wa siku ile. Ana mawazo mazuri kuliko yangu kuhusu wapi tope ni jepesi na wapi mkondo hausukumi, na hajawahi kuulizwa na mtu wa ofisini. Njooni na viatu vya tope. Chagueni mwezi kumi na tano wowote, saa nne asubuhi, ili tuone wote kitu kimoja.

Shangazi yeye ameshaacha kuniulizia. Ila wiki iliyopita nilikuwa natafuta uzi kwenye kabati lake, nikaikuta ile chupa ya marashi nyuma ya mashuka. Iko nusu, kizibo amekifunga kwa mpira, na pembeni ameweka kijitabu cha Yasini.

Wenu,
Mwalimu, Tanga